Milimita Tano

Mimi ni dada wa mumewe, kwa hiyo nina haki zote za kumsema wifi yangu, na leo nitamsema mpaka mate yanikauke. Ila sitatia chumvi. Nilikuwepo tangu Jumatatu hadi Ijumaa, nimepiga magoti pembeni mwa ukuta, na vumbi lote la sakafu ile nililila mimi.

Kazi yetu ni kufufua sakafu za mbao. Watu wakiona mbao zimechakaa hukimbilia kuzifunika, kwa zulia, kwa vigae, kwa chochote, kumbe chini ya uchafu ule mbao ipo nzima inasubiri tu kuvuliwa koti. Wifi ndiye anayeendesha mashine kubwa ya msasa. Ina uzito wa mtu mzima aliyeshiba, tumboni ina ngoma ya chuma inayovishwa msasa, na ikishawaka inataka kukupeleka inakotaka yenyewe. Ndiyo maana tunaiita Shangazi. Ya kwangu ni ndogo ya duara, ya kupitia pembezoni ambako Shangazi hafiki, na hiyo tunaiita Mpwa. Kaka yangu, yaani mume wa Wifi, ni dereva wa gari la mikate, na kila asubuhi akimaliza kugawa mikate hutubebea mashine zetu. Analalamika kwamba gari linanuka vanishi na kitanda chake kimejaa unga wa mbao. Alalamike. Alioa mwenyewe, hakusukumwa.

Shangazi ana sheria moja isiyo na msamaha. Kuna mkono wa kuinulia na kushushia ile ngoma. Kwanza unaanza kutembea, ndipo unaishusha taratibu, na kabla hujasimama unaiinua. Ukiishusha umesimama, hata kwa muda wa kupiga chafya, inakula mbao pale pale na kukuachia bonde. Mwezi wa kwanza Wifi alinifanya nitembee na mashine iliyozimwa, nashusha, nainua, nashusha, nainua, mpaka majirani wakadhani nina shida ya kichwa.

Halafu kuna hili la penseli, ambalo ndilo lililotaka kutuua. Fundi wa sakafu akimaliza raundi moja ya msasa, huchorachora sakafu nzima kwa penseli kabla ya raundi inayofuata. Mashine ikipita, penseli inafutika. Ikibaki mahali, ujue pale pameinama na Shangazi hajapagusa. Mafundi wengine huchora mistari ya ovyo tu. Wifi huandika maneno. Ni mwanamke mpole huyu, nyumbani hata paka hamfokei, lakini ukimpa penseli na sakafu tupu anamwaga yote aliyoyameza wiki nzima. Mwenye nyumba mgumu, fundi bomba mwongo, kaka yangu na mkoromo wake, wote wanaandikwa. Siku moja nilikuta ameandika, "Wifi anaongea kuliko Shangazi na hana mahali pa kumzimia." Nilinuna saa nzima. Yeye akacheka tu, akawasha mashine, akanila.

"Usihofu wifi," huwa ananiambia. "Shangazi hasomi, anakula tu."

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kabla ya ufundi huu, Wifi alikuwa mfanyakazi wa usafi katika maktaba kubwa ya mji, miaka kumi na moja. Siku moja akaja fundi mzee kusugua sakafu ya ofisi moja ya ghorofani. Wifi alikuwa anapita na ndoo yake, akachungulia mlangoni, akaona ubao mweusi unageuka kuwa rangi ya chai ya rangi mbele ya macho yake. Alisimama pale mpaka msimamizi akamfokea. Mwezi uliofuata alikuwa ameacha kazi, anamburutia yule mzee waya za umeme. Mzee alipostaafu alimwachia Shangazi. Miaka sita ikapita, na katika miaka hiyo yote Wifi hakukanyaga tena maktabani, hata kuazima kitabu.

Ndipo kaka akarudi jioni moja kutoka kupeleka mikate kwenye kantini ya maktaba. Akasema amepishana na maboksi ya vigae yamepangwa kwenye ukumbi wa kuingilia mpaka karibu na dari. "Wanang'oa sakafu ya chumba cha kusomea," akasema, huku anapakua chakula. "Mhandisi amesema imeoza. Nyeusi tii."

Wifi akaweka kijiko chini. Hakula tena. Nilimfuata uani, nikamkuta anaanua nguo ambazo hata hazijakauka.

"Haijaoza," akasema. "Ule weusi ni polishi. Ni mimi niliyeiweka."

Akanieleza. Kila Ijumaa alipewa kopo la polishi nyekundu na kuambiwa apake chumba kizima. Hakuna aliyemwambia kwamba lazima kwanza utoe ya zamani. Basi akapaka juu ya vumbi, Ijumaa juu ya Ijumaa, kwa magoti, na sakafu ikawa inazidi kuwa nyeusi, naye anazidi kupaka ili ing'ae. Alikuja kujua baadaye sana, baada ya kuwa fundi, kwamba miaka yote ile alikuwa anaizika.

"Sasa wanaitupa kwa sababu yangu," akasema. Machozi yalimtoka pale pale kwenye shati la kaka, na mimi nikamnyang'anya lile shati, nikalirudisha kambani.

Kesho yake tulikwenda. Mkurugenzi wa maktaba ni mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba shingoni, na mhandisi ni baba mnene mwenye kalamu nne mfukoni. Mhandisi alikuwa na ripoti yake tayari. Mbao za sakafu ya namna hii, akatueleza kama vile sisi tumetoka kuokota kuni, hushikana kwa ulimi: kila ubao una ulimi ubavuni unaoingia kwenye ubao wa jirani. Ukisugua mpaka ukaufikia ulimi, sakafu imekufa. Yeye amepima, na juu ya ulimi zimebaki milimita mbili. Tena mbao ni nyeusi, na kwa ripoti yake weusi huo ni uozo wa unyevu kutoka chini.

"Nipeni siku tano," Wifi akasema.

Mhandisi akacheka. Mama Mkurugenzi hakucheka, aliangalia maboksi ya vigae, akamwangalia Wifi, akafikiri.

"Chumba kimeshafungwa mpaka mwisho wa wiki ijayo," akasema. "Basi, mpaka Ijumaa saa sita mchana. Mhandisi akisema ibaki, itabaki. Akisema hapana, mafundi wa vigae wanaingia saa hiyo hiyo, na usinilaumu mama."

Nilimfinya Wifi aseme kwamba aliwahi kufanya kazi hapo. Hakusema. Tulipotoka nje nikamuuliza, kulikoni? Akanijibu, "Wakijua, watasema kazi ya mhandisi inabishiwa na mfagiaji." Nikataka kurudi ndani nikawape vidonge vyao hata kabla hawajasema. Akanishika mkono.

Jumatatu na Jumanne hatukuwasha mashine kabisa. Polishi ikipata joto inayeyuka na kuziba msasa, kwa hiyo ilibidi tuikwangue kwanza kwa mkono, kwa kikwangulio na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, hatua kwa hatua. Ilitoka kwa vipande vinene kama maganda. Tulijaza ndoo sita. Kisha tukapita na sumaku iliyofungwa kwenye kamba, na kila ilipong'ang'ania tukajua hapo pana kichwa cha msumari, tukakizamisha, maana msumari mmoja tu ukikutana na msasa, msasa unachanika kwa mlio wa kukutoa roho. Jumanne jioni magoti yangu yalikuwa yamekataa undugu na mimi.

Lakini Jumatano! Wifi akamvisha Shangazi msasa namba thelathini na sita, ule wa meno makali, akajifunga kitambaa kichwani, akaniangalia kwa macho tu juu ya barakoa, akawasha. Chumba kizima kikanguruma. Akaanza kutembea, akashusha ngoma, akapita kwa mshazari kutoka kona hadi kona, na nyuma yake ukabaki utepe mpana wa mbao safi, nyekundu ya kahawia, yenye mistari iliyopindapinda. Nilipiga kelele! Nilipiga kelele ndani ya barakoa na hakuna aliyenisikia, nikazima Mpwa, nikavua glavu, nikaigusa. Ilikuwa na joto bado. Watunza vitabu wawili walikuja kuchungulia kwenye kioo cha mlango na mmoja akabaki hapo hapo na rundo la vitabu mikononi mpaka akaitwa.

Alhamisi asubuhi, kabla ya raundi ya msasa namba sitini, ulio laini kidogo, Wifi akachukua penseli yake. Safari hii aliandika kama aliyetumwa. Aliandika kutoka dirishani hadi mlangoni. Na alikuwa anafanya jambo jingine ambalo mimi sikulitilia maanani: kila baada ya hatua mbili tatu alipiga magoti, akaingiza kwenye upenyo kati ya mbao kipande cha msumeno wa chuma alichokwaruza alama za milimita, akakisukuma mpaka kikagonga ulimi, akasoma, akaandika namba hapo hapo, katikati ya matusi yake. Alipomaliza sakafu ilikuwa imejaa maandishi ukuta kwa ukuta. Akashika mkono wa Shangazi, akabonyeza swichi.

Kimya. Akabonyeza tena. Taa za ukumbini nazo zilikuwa zimezimika. Umeme umekatika.

"Utarudi sasa hivi," nikasema.

Haukurudi saa nne. Haukurudi saa nne na nusu. Saa tano kasoro dakika chache tukasikia viatu, na mlango ukafunguliwa. Mhandisi aliamua kuja siku moja kabla, pamoja na Mama Mkurugenzi, kuangalia kama kuna haja ya kusubiri Ijumaa. Nilimwangalia Wifi. Wifi aliangalia sakafu. Alikuwa amebadilika rangi. Ningekuwa na zulia ningelitandika, ningekuwa na gauni pana zaidi ningelala chini nikafunika ninachoweza.

Mhandisi akaingia hatua mbili, akasimama, akainamisha kichwa. Akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma bango la barabarani:

"Mhandisi ana tumbo la semina."

Mama Mkurugenzi akavaa miwani yake haraka, nadhani ili apate cha kufanya na mikono. Mhandisi akasogea mbele.

"Mhandisi amefunga suruali kwapani ili ukweli usimwingie." Akasogea tena. "Mhandisi alipima mlangoni tu akaenda kunywa chai."

Masikio yalimwiva. Mimi tayari nilikuwa nimeshajiandaa kumvaa, akisema neno moja baya kwa Wifi, tumbo la semina nisingeliacha salama. Lakini jamaa hakusema. Alikuwa ametoa macho kwenye kitu kingine.

"Na hizi namba ni za nini?"

"Ni milimita, mhandisi," Wifi akasema. "Toka juu mpaka kwenye ulimi. Baada ya raundi ya kwanza."

"Nani kapima?"

"Mimi."

Mhandisi akachomoa mfukoni, kati ya zile kalamu nne, kipimo chake chembamba cha chuma kinachong'aa. Alikuwa anataka kumuumbua, ilionekana wazi. Akachuchumaa kwa taabu karibu na dirisha, palipoandikwa tano, akapima. Tano. Akaenda katikati, palipoandikwa nne na nusu, akapima mara mbili. Nne na nusu. Akaenda kona ya kabati la ramani, akaenda chini ya saa ya ukutani, akarudi katikati. Kila alipopima, Mama Mkurugenzi alikuwa akimuuliza, "Vipi?" naye anajibu, "Tano," "Tano," "Nne na nusu," kama mtoto anayesomeshwa. Mwisho akafika mlangoni, ambako Jumatano Wifi hakumpitisha Shangazi, kwenye namba mbili. Akapima. Mbili.

"Hapa ndipo nilipopima mimi," akasema taratibu.

"Hapa ndipo kila mtu anapokanyaga," Wifi akasema. "Miaka yote. Mlango ni mmoja tu."

Mhandisi akainuka. Alivua koti, akalikunja, akalining'iniza kwenye kiti, akaanza kupima upya chumba kizima, akiruka matusi yake mwenyewe kwa uangalifu ili asiyakanyage. Saa nzima na zaidi! Mimi nilikaa juu ya ndoo ya maganda ya polishi, nahesabu pumzi zake. Nilishaanza kumpenda kidogo. Si kila mtu anaweza kusoma kuhusu tumbo lake halafu akaendelea na kazi.

Saa saba umeme ukarudi. Taa zikawaka, na Mhandisi akainuka, akajipangusa vumbi.

"Fundi," akasema. "Hayo ya suruali na chai, futa wewe. Hilo la tumbo nataka kulifuta mwenyewe."

Wifi akasita. Nilimtikisia kichwa kwa nguvu zote: hapana, hapana, hapana. Lakini utamnyima vipi mtu uliyemwandika chini? Akamweka nyuma ya Shangazi, akamshikisha mkono wa mashine, akamweleza sheria. Kwanza tembea, ndipo ushushe. Akamweleza mara ya pili. Mhandisi akasema, "Mama, mimi nimesimamia ujenzi wa madaraja."

Akawasha. Akashusha. Hakuwa ametembea hata nusu hatua.

Mlio ulibadilika, ukawa mzito, wa chini, mlio ambao fundi wa sakafu akiusikia hata usingizini anaruka. Wifi alirukia ule mkono akaiinua ngoma. Ilikuwa ni sekunde tu, lakini Shangazi anahitaji sekunde gani nyingine? Pale palipokuwa na tumbo la semina sasa palikuwa na bonde, pana kama sahani, laini, lenye kung'aa. Wifi akazima mashine, akapiga magoti, akaingiza kipande chake cha msumeno.

"Ilikuwa tano," akasema. "Sasa ni tatu."

Mhandisi alibaki amesimama, mikono hewani. Mama Mkurugenzi akauliza, "Sasa imeharibika?" Nilikuwa na maneno kama arobaini hivi mdomoni, yote ya kumkata maini yule baba, na naapa ningeyasema. Wifi akaninyooshea mkono.

"Wifi, nipe pedi zako za magoti."

Nikampa. Akamgeukia Mhandisi akamkabidhi.

"Vaa, mhandisi. Bonde haliwezi kujazwa. Inabidi tushushe kidogo kidogo pembeni yake, kuzunguka, mpaka mguu usijue limeanzia wapi. Kwa mkono. Na tusiguse kati hata chembe, kwa sababu tukishuka chini ya tatu, tutakuwa tumeshafika kwenye ile mbili ya mlangoni kwako."

Nakwambia, alivaa. Tajiri wa madaraja alipiga magoti na tumbo lake, akashika kikwangulio namna Wifi alivyomwonyesha, akavuta kuelekea kwake, kwa kufuata mistari ya mbao. Alianza vibaya, akakemewa, akaanza upya. Mama Mkurugenzi aliagiza chai, ikapoa. Hadi saa kumi na moja jioni walikuwa bega kwa bega, wanakwangua, wanapapasa kwa kiganja, wanakwangua. Alipoinuka, shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Alisema kwaheri kwa heshima na hakusema lolote kuhusu kesho. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Mtu anaweza kukusaidia Alhamisi na kukuangusha Ijumaa, tena kwa kalamu yoyote kati ya nne.

Ijumaa tulianza kunapambazuka. Namba sitini ikapita, ikala matusi yote na namba zote. Namba mia ikapita, Shangazi akawa ananguruma kwa upole kabisa, na unga uliokuwa unatoka ulikuwa laini kama poda ya mtoto. Mlangoni Wifi hakumpitisha kabisa. Pale kwenye milimita mbili alisugua kwa mkono, kwa msasa uliokunjwa, akishika pumzi. Mimi nikamaliza pembe na Mpwa, tukavuta vumbi lote, tukapangusa. Saa tano na nusu Wifi akafungua kopo la vanishi, akapaka mbao tatu tu karibu na dirisha, ili wenyewe waone itakavyokuwa.

Brashi ilipopita, mbao iliwaka! Sina neno jingine. Ilikuwa imefifia kwa unga, na pale ilipolowa ikatoka rangi nyekundu yenye dhahabu ndani, na mistari yote ikajitokeza mmoja mmoja. Wifi alikaa chini na brashi mkononi, akawa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilimkumbatia tukapakana vanishi.

Saa sita kamili walifika. Na ukumbini, naona kwenye kioo cha mlango, wamesimama mafundi watatu wa vigae na ndoo zao, wanasubiri kuambiwa waingie.

Mhandisi akavua viatu na soksi mlangoni bila kuambiwa. Akaenda moja kwa moja pale alipoharibu, akapapasa kwa unyayo, akarudi nyuma, akaja tena kutoka upande mwingine, ameangalia juu kama kipofu anayetafuta ngazi. Hakulipata bonde lake. Nilitaka kupiga vigelegele. Akachomoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza, akafungua kalamu. Kisha akaishusha.

"Mbao ipo," akasema. "Nimepima mwenyewe na siwezi kukana. Ila bado kuna swali moja. Nilisema weusi ni uozo wa unyevu. Kama ulitoka chini, utarudi, na vanishi haitauzuia. Baada ya mwaka tutakuwa hapa hapa. Siwezi kusaini mpaka nijue weusi ule ulitoka wapi."

Nilijua, na Wifi alijua, na hakuna mwingine duniani aliyejua. Alinitazama mara moja tu. Akaenda kwenye ndoo, akatoa ganda nene la polishi, akalivunja vipande viwili, akampa Mhandisi kimoja. Ubavuni mwake lilikuwa na mistari: nyekundu, nyeusi, nyekundu, nyeusi, mingi, myembamba, imelaliana.

"Nyekundu ni polishi," akasema. "Nyeusi ni vumbi lililofunikwa. Kila mstari mwekundu ni Ijumaa moja. Haikutoka chini, mhandisi. Ilitoka juu. Niliipaka mimi, kwa mkono wangu, miaka kumi na moja. Nilikuwa mfanyakazi wa usafi humu."

Mhandisi akasogeza kile kipande kwenye mwanga wa dirisha, akawa anahesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Lakini Mama Mkurugenzi hakuwa anaangalia ganda. Alikuwa anamwangalia Wifi.

"Humu?" akauliza. "Mimi nipo hapa mwaka wa kumi na tisa huu."

"Najua, mama. Ulikuwa unafika saa mbili kasorobo. Ulikuwa unapita kandokando ya ukuta ili usikanyage nilipotoka kupaka. Ulikuwa unaniambia pole na kazi."

"Mbona sikukumbuki?"

"Nilikuwa nimeinama," Wifi akasema. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema nne na nusu, au tano.

Kalamu ya Mhandisi ikasikika juu ya karatasi. Alisaini, akaandika tarehe, akafungua mlango akawaambia mafundi wa vigae kwamba vigae vikiwekwa vyooni vitapendeza sana. Mimi sikumsikiliza tena. Nilikuwa namwangalia yule mama. Alikuwa amesimama kizingitini, amevua viatu, amevishika mkononi, miwani imemning'inia kifuani, na hakuthubutu kuingia.

"Fundi," akamuuliza Wifi, "nipite wapi?"

"Pita katikati, mama," Wifi akasema. "Leo pita katikati."

Akapita katikati, miguu mitupu, polepole, mpaka alipomfikia. Na mimi nikageukia ukutani nikamwasha Mpwa, ingawa pembe zote zilikuwa zimeshakwisha, ili wasinisikie ninavyolia.